Kijumba cha Magurudumu na Kitenge cha Mama

Katika nchi za Ulaya na Marekani iko namna ya nyumba ambayo wengi wetu huku Kivu tumeiona katika picha tu. Ni kijumba cha bati au cha aluminiamu, chenye magurudumu mawili, mlango, madirisha na kitanda, nacho hukokotwa nyuma ya gari kama remoki. Wenyeji wakipata likizo hukifunga nyuma ya gari, wakaenda nacho kando ya mto au pwani, wakalala humo siku nane au kumi, kisha wakarudi nacho kwao. Wabelgiji hukiita karavani. Neno hilo si geni kwa wazee wetu, kwa maana ndilo jina ambalo Wazungu waliipa misafara ya wapagazi wa zamani, nao walilipata katika lugha ya Waajemi. Karavani ya siku hizi yabeba jamaa moja na sufuria zake, wala hakuna anayetwishwa mzigo kichwani.

Mwaka 2019 nilikaa miezi tisa katika mji wa Liège kwa masomo ya ualimu, nikiishi kwa dada yangu mkubwa. Humo nikaona kazi ya kushona na kupamba ndani ya kijumba kama hicho, tangu mwanzo hata mwisho, na mikono yangu ikafanya sehemu yake. Ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia.

Lakini kwanza yafaa tujue kwamba kazi hii ina wazee wake. Mganga mmoja Mskoti, Gordon Stables, aliundiwa nyumba ya kusafiria mwaka 1885 kwa ajili ya matembezi tu, akaiita Wanderer. Ilivutwa na farasi wawili. Huko Ujerumani, mwaka 1931, alikuwako Arist Dethleffs, ambaye jamaa yake ilitengeneza mijeledi na fimbo za kutelezea juu ya theluji. Biashara ilimpeleka mbali mara kwa mara, naye mwenzi wake Fridel, mchoraji wa picha, hakupenda kubaki peke yake. Basi Dethleffs akaunda kijumba cha kuvutwa na gari ili wasafiri pamoja, yeye auze mijeledi yake, Fridel achore milima yake. Nchi yetu pia imepata kuviona vijumba hivyo. Mmarekani Wally Byam, aliyeanzisha kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa vijumba 41 vya aluminiamu toka Cape Town hata Kairo, mwaka 1959 na 1960, nao wakapita Kongo katika siku zile za mwisho kabla ya uhuru. Barabara zetu wakati wa mvua twazijua; sina haja ya kueleza zaidi.

Sasa nirudi kwa dada. Alijifunza ushonaji kwa masista, katika chumba chenye cherehani za kanyagio zilizopangwa safu mbili, naye mpaka leo akishika kitambaa kwanza hukisugua kwa vidole, kama mtu apimaye unga sokoni. Mumewe, yaani shemeji yangu, alikuwa akifanya kazi ya usiku katika ghala la mizigo. Alirudi alfajiri watoto wakiwa bado usingizini, akalala wao wakiwa shuleni, akaondoka wao wakila chakula cha jioni. Watoto wao watatu walimjua baba yao kama mlango uliofungwa mchana. Tangu walipofika Ubelgiji mwaka 2012 jamaa ile haikuwa imelala mahali pamoja, nje ya nyumba yao ya kupanga, hata usiku mmoja. Hoteli kwa watu watano ilipita uwezo wao. Basi jirani yao mmoja, mama mzee wa Kibelgiji aliyefiwa na mumewe, alipotaka kuiuza karavani yake ya mwaka 1981 kwa euro 600, shemeji alilipa siku ileile, hata kabla ya kumwuliza mkewe. Palikuwa na kimya kidogo nyumbani jioni ile.

Karavani ilinuka. Harufu ya ukungu, ya mazulia ya zamani na moshi wa sigara wa miaka mingi. Dada alitaka kuanza na mapazia. Yule mama mzee akamkataza. Alisema kwamba kupamba ukuta uliooza ni kumvika mgonjwa nguo ya arusi. Shemeji akazunguka akigonga kuta kwa kifundo cha kidole: palipokuwa pazima palilia, palipolowa palinyamaza. Mvua iliingia kwenye kona moja ya mbele, mahali ambapo bati mbili zinakutana. Kuziba na kubadili mbao kulituchukua majuma matatu, na kuhusu kazi hiyo nasema tu kwamba ilifanyika.

Kushona ndani ya kijumba si kama kushona kwa ajili ya nyumba. Katika nyumba ukuta hupanda wima, kona ni kona. Katika karavani ukuta huinama kwa ndani kadiri unavyopanda, kona zimeviringika, na benchi la kushoto halilingani na la kulia hata kama macho yanasema kwamba yanalingana. Kwa hiyo dada hakuutegemea utepe wa kupimia peke yake. Alitandaza magazeti ya zamani juu ya kila benchi, akayabandika pamoja, akafuata ukingo kwa penseli, akakata, akaandika juu ya kila karatasi: kushoto mbele, kulia nyuma, juu, chini. Mimi nilichekeshwa na maandishi hayo, mpaka nilipoona jinsi karatasi mbili zilizofanana kama mapacha zilivyotofautiana kwa sentimita mbili na nusu.

Tulianza na mito ya kukalia, ambayo usiku ndiyo godoro: meza hushushwa kati ya mabenchi mawili, mito ikapangwa juu yake, pakawa kitanda. Sponji ya zamani ilikuwa imebomoka kama mkate mkavu. Tulinunua mpya, yenye unene wa sentimita 10 na uzito wa kilo 35 kwa kila mita ya ujazo. Iliyo nyepesi kuliko hiyo mtu akiikalia hufika ubaoni. Yule mama mzee, ambaye ujanani alifanya kazi katika karakana ya viti, alitufundisha kuikata kwa kisu cha mkate, kwa mikono mirefu isiyo na haraka, bila kukandamiza.

Juu ya foronya za mito hiyo wanawake wale wawili walibishana siku nzima, na mimi nikafurahi kuwasikia, maana ni raha kuwasikia mafundi wawili wakibishana bila chuki. Dada alitaka kuzungushia kila mto ukingo wa kamba iliyovikwa kitambaa, kama alivyofundishwa, kwa kuwa ukingo ule hupendeza na huficha mshono usionyooka. Mama mzee akasema: «Mchana ni kiti, binti yangu, lakini usiku ni kitanda. Kamba hiyo italala kati ya mbavu za mumeo.» Dada akanyamaza, akalala juu ya meza ya kukatia ili ajaribu, akainuka, akaitupa ile kamba.

Mambo mengine walikubaliana. Foronya hukatwa ndogo kuliko sponji kwa sentimita moja kila upande, ili kitambaa kikaze kisije kikalegea baada ya mwezi. Zipu haifai kuwa fupi: ianze upande mmoja, ipite kona mbili, iishie upande wa pili, vinginevyo sponji haiingii bila ugomvi. Zipu ya kununuliwa kwa mita ni rahisi, nayo hukatwa kwa urefu unaotakiwa. Na sponji ikikataa kuingia, ifunikwe kwa mfuko mwembamba wa plastiki, isukumwe ndani ikiteleza, kisha mfuko uvutwe utoke. Tulitumia sindano namba 100 na uzi wa poliesta, mshono wa milimita tatu na nusu; uzi wa pamba huoza upesi mahali penye unyevu. Kitambaa kilikuwa pamba nzito ya rangi ya udongo, na kilifuliwa kabla ya kukatwa. Jambo hilo la kufua kwanza laweza kuonekana dogo. Basi na aliyewahi kufua shuka mpya ikarudi fupi atueleze udogo wake.

Chini ya mito shemeji alitoboa ubao matundu mengi, hewa ipite, kwa sababu joto la mtu aliyelala hukutana na ubaridi wa sakafu, pakatokea maji.

Hapa naomba akina mama wanisikilize kwa makini. Katika karavani kuna jiko la gesi. Dirisha lililo karibu nalo tuliliacha wazi bila pazia, tukabandika karatasi ya ukungu kwenye kioo tu, kwa kuwa pazia hupeperushwa na upepo likafikia moto. Tena, sakafuni yamo matundu ya kupitishia hewa. Gesi ya chupa ni nzito kuliko hewa. Ikivuja huteremka, ikatoka kwa matundu hayo. Mpwa wangu mdogo alikuwa ameyafunika kwa zulia zuri la mabaki ya vitambaa alilolishona mwenyewe, kwa kuwa miguu yake ilipata baridi. Shemeji alilitoa zulia, akamweleza sababu, mtoto akalia. Kisha tukalikata kwa umbo la kuyazunguka matundu, akaridhika. Moto unaowaka ndani ya kijumba kilichozibwa huzaa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

Yakabaki mapazia, na kwa ajili ya mapazia jamaa ile ilikaribia kutokuelewana.

Mama yetu alifariki huko Bukavu mwaka 2016. Karatasi za dada za kuishi Ubelgiji zilikuwa hazijakamilika. Kama angetoka, asingeweza kurudi kwa watoto wake. Hakumzika mama yake. Alichopata ni sanduku lililoletwa na msafiri mmoja, na ndani yake sehemu yake ya vitenge vya mama: vitatu vilivyokwisha kuvaliwa, kimoja kati yao cha Sotexki ya Kisangani, na kimoja kizima, hakijakatwa wala kufuliwa, waksi ya Kiholanzi ya Vlisco, yenye ndege juu ya buluu. Mama alikinunua kwa fedha ya maharagwe, akakiweka akiba kama wafanyavyo wanawake wa kwetu, asikivae hata siku moja. Dada naye akakiweka chini ya kitanda. Kila mwaka alikitoa, akakianika saa moja, akakikunja tena.

Mpwa wangu mkubwa, msichana wa miaka 15 wakati ule, ndiye aliyesema kwamba mapazia yawe ya kitenge kile. Alisema kwa Kifaransa, kwa kuwa Kiswahili alikisikia lakini alikuwa akiona haya kukitumia.

Dada akasema: «Kitambaa cha mama hakitundikwi dirishani, wapita njia wakitazame.»

Msichana akajibu: «Mama, nyanya hakukivaa. Wewe hukivai. Nami hutanipa nikivae. Basi kilinunuliwa kwa ajili ya nani?»

Katika malezi yetu mtoto hamsemeshi mama yake hivyo. Dada alitoka nje. Shemeji akatazama chini. Kitenge cha mama mkwe si jambo la mume kuingilia. Siku mbili cherehani haikufanya kazi, na joto la mwisho wa Julai lile, ambalo lilipita digrii 39 katika nchi ile ya baridi, halikusaidia roho ya mtu yeyote.

Mimi sikuwa na la kusema juu ya haki ya nani ni kubwa. Kila mmoja alikuwa nayo. Lakini mwalimu ana chaki yake. Siku ya tatu nikamwambia: «Dada, kabla hujakata neno, niruhusu nipime.» Akaniruhusu kupima tu. Akakiosha kwa mkono wake, kwa maji baridi yenye chumvi kidogo, akakianika kivulini. Kilikuwa na yadi sita, yaani karibu mita 5 na sentimita 49. Baada ya kukauka kilibaki mita 5 na sentimita 40, upana sentimita 117.

Madirisha ya kutiwa mapazia yalikuwa manne. Mawili, la mbele na la nyuma, yana upana wa sentimita 140. Mawili ya ubavuni sentimita 80. Ili pazia liwe na mikunjo mizuri, upana wa kitambaa uzidi wa dirisha mara moja na nusu. Dirisha kubwa lataka 210, na dogo 120. Kila dirisha lina vipande viwili, na kila kipande kina pindo mbili za sentimita mbili: ongeza nane. Twapata 218 na 128. Kwa urefu wa kushuka, pazia lililokwisha ni sentimita 52, pamoja na tatu juu na tatu chini kwa ajili ya njia ya waya. Maana pazia la karavani hutiwa waya juu na chini pia. Ukuta ukiinama, pazia la waya mmoja huning'inia kati ya chumba. Jumla ni 58. Upana wa kitenge unatoa 58 mara mbili, na sentimita moja ya ziada.

Nikaandika ubaoni mwa karakana: safu ya juu, dirisha moja kubwa na moja dogo, 218 na 128, jumla 346. Safu ya chini vilevile. Kinachokatwa ni mita 3 na sentimita 46. Kinachobaki kizima, upana wake wote, ni mita 1 na sentimita 94.

Dada alisoma hesabu ile mara mbili. Akachukua utepe, akajizungushia kiunoni, kisha akamwita binti yake akamzungushia yeye. Mita 1 na sentimita 94 ni nguo ya kuvaa mwanamke. Hakusema kitu. Akatia alama ndogo kwa mkasi ukingoni, akashika pande mbili, akachana. Pamba nzuri huchanika kwa kufuata uzi wake, na sauti ile kila aliyekwenda sokoni aijua. Kipande cha mita 1 na 94 akamkunjia binti yake, akampa. Kisha akampa mkasi akate safu mbili kwa urefu, yeye mwenyewe akishika kitambaa, kwa sababu penye ziada ya sentimita moja hapachanwi, hukatwa.

Walishona siku nne. Waksi ya kweli ina picha pande zote mbili, kwa hiyo mtu wa nje angewaona ndege sawasawa na wa ndani. Lakini jua hula rangi, basi wakatia bitana ya pamba nyeupe nyepesi. Msichana aliuliza majina: hiki ni pindo, huu ni ukingo, hii ni bitana, huu mshono wa kushikiza ambao baadaye hufumuliwa. Aliyaandika katika daftari. Dada alimsimulia habari za mama, nyingine ambazo hata mimi nilikuwa sijazisikia, kama ile ya mwaka ambapo aliuza kitenge kimoja ili anilipie karo, akasema kwamba kimeibwa. Juu ya jambo moja walicheka sana: kitenge kile kilitengenezwa Helmond, huko Uholanzi, ambako kiwanda hicho kipo tangu mwaka 1846, na toka Liège hadi Helmond kwa gari si saa mbili. Kilikwenda mpaka Bukavu, kikarudi kutundikwa karibu na kilipozaliwa.

Mwezi wa Agosti walikwenda La Roche-en-Ardenne, kando ya mto Ourthe, nami nikafuatana nao siku mbili, nikalala katika hema. Usiku wa pili ilinyesha. Asubuhi vioo vilitiririka kwa ndani kwa pumzi za watu watano, na pindo za chini zilikuwa zimelowa. Tangu hapo dirisha moja liliachwa wazi kidogo usiku kucha. Shemeji alilala usiku kama watu wengine. Siku ya kwanza hakuweza, alikaa mlangoni mpaka alfajiri kwa mazoea ya kazi. Siku ya pili watoto walimwamsha saa tatu, wakamkalia.

Mimi nilirudi Bukavu mwezi wa Septemba. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, shemeji alipata ugonjwa wa korona kazini. Nyumba yao ina vyumba viwili vya kulala. Karavani ilikuwa imesimama katika ua wa yule mama mzee. Akahamia humo peke yake siku kumi, na chakula kikawekwa juu ya ngazi. Siku ya tano dada alinipigia simu usiku, hakuongea, nikasikia tu pumzi yake. Msichana ndiye aliyekwenda kila jioni kusimama uani, mbali kidogo, amevaa kile kipande cha mita 1 na 94, na baba yake akasogeza pazia.

Alipona. Siku zile za mwisho, nguvu zilipoanza kumrudia, alichoka kutazama dari, akaanza kuandika kwenye karatasi na kuzisukuma chini ya mlango: mfuko wa ukutani uko mbali, mtu aliyelala haufikii, zipu ya mto wa kulia inakwaruza kisigino, igeuzwe upande wa ukuta, waya wa chini wa dirisha la nyuma umelegea, taa yataka kivuli. Karatasi zilifika saba. Msichana aliziweka kwenye mfuko wa plastiki siku tatu kabla ya kuzigusa, kama walivyoagizwa wakati ule, kisha akafungua cherehani ya mama yake, akaanza na ule mfuko wa ukutani. Aliniandikia kwa Kiswahili akiniuliza, mjomba, kama bitana inaweza kutumika upande wa nje pale ambapo waksi imekwisha. Nikamwuliza dada. Dada alisema inaweza, ila akunje ukingo mara mbili.